Dawa za Kila Siku na Chanjo ya Homa ya Mafua: Kidonge cha Mwisho Kisimkute Mgonjwa Nyumbani

Hotuba kwa wagonjwa wa kliniki za presha, kisukari, pumu na kifafa pamoja na jamaa zao, Kaunti ya Kilifi



Kila siku ya kliniki muuguzi huuliza swali moja kabla ya kufunga mkanda wa mashine ya presha mkononi mwa mgonjwa: "Leo umemeza dawa?" Majibu hufanana mwaka mzima. Mzee mmoja ametoka nyumbani alfajiri bila chai, akasema atameza akirudi. Mama mwingine dawa zake ziliisha Ijumaa, na leo ni Jumatano. Wa tatu amekuwa akikata kidonge nusu ili zimfikishe tarehe iliyoandikwa kwenye daftari, na hilo hulisema kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyevunja gilasi.

Mashine ikisoma 180 kwa 110, daktari anabaki na fumbo. Je, dawa imeshindwa, au haikumezwa? Akiamini imeshindwa, ataongeza kipimo au ataandika dawa ya pili. Mgonjwa akirudi nyumbani akazimeza zote kama zilivyoandikwa, presha inaweza kushuka kuliko inavyotakiwa, akashikwa na kizunguzungu usiku akielekea chooni na kuanguka. Hivyo siku tano bila dawa zinaweza kuzaa mkosi wa pili ambao hata hauhusiani na presha yenyewe: nyonga iliyovunjika.

Hotuba hii inahusu siku hizo tano. Inahusu namna ya kuzifuta kwenye kalenda, na kwa kuwa mgonjwa akija kuchukua dawa tayari yuko mbele ya mhudumu wa afya, inahusu pia chanjo, hasa ile ya homa ya mafua ambayo wengi huulizia.

Presha ni ugonjwa mgumu kuuheshimu kwa sababu hauumi. Jino likiuma, mtu haulizi tarehe ya kliniki. Presha inaweza kukaa mwilini miaka kumi bila kubisha hodi, kisha siku moja mdomo unapinda na mkono unakuwa mzito. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Waliokaa hapa leo wamekwisha kuvuka kizingiti hicho. Wanajua nambari zao. Kinachobaki ni kutozipoteza.

Kuna magonjwa mengine ambayo hayangoji miaka. Mgonjwa wa kifafa akikatiza dawa ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu na kufululiza bila kukoma, na hiyo ni dharura ya hospitali. Mwenye pumu ambaye dawa yake ya kuvuta imeisha hagundui mpaka usiku kifua kinapobana. Mtoto mwenye selimundu anayekosa dawa zake za kila siku huenda akaonekana mzima wiki nzima, kisha homa ya siku moja ikamlaza wodini. Kwa hawa, kusema "nitaenda wiki ijayo" ni jambo zito.

Sasa hesabu. Mgonjwa anayemeza kidonge kimoja cha presha kwa siku anahitaji vidonge 30 kwa siku 30. Anayemeza metfomini asubuhi na jioni anahitaji 60. Mara nyingi mgonjwa wa sukari huwa pia na presha, basi nyumbani ana pakiti mbili au tatu zinazoisha siku tofauti, na hapo ndipo watu hupotea. Jambo la kufanya ni hili: siku dawa zinapotolewa, kabla ya kuondoka dirishani, mgonjwa au aliyemsindikiza azihesabu, kisha aandike mwishoni mwa daftari tarehe ambayo pakiti ya kwanza itaisha. Arudi nyuma siku saba kutoka tarehe hiyo na kuizungushia mduara. Tarehe yenye mduara ndiyo siku ya kurudi. Kidonge cha mwisho kikimezwa, pakiti mpya iwe tayari iko nyumbani.

Kwa nini siku saba? Kwa sababu kwenye zahanati nyingi kliniki ya presha na sukari huwa siku moja kwa wiki. Akikosa hiyo kwa ajili ya mvua, matanga au sikukuu, anayo nyingine mbele yake kabla ya kuishiwa. Mtu wa Bamba au Chakama anajua barabara inavyokuwa mvua za Mei zikikaza. Kaunti inaweza kutangaza mengi, lakini haiwezi kuamrisha mto upungue siku ya kliniki.

Mgonjwa akifika mapema hivyo, haina maana kwamba anataka dawa za ziada. Baadhi ya wagonjwa huogopa kuambiwa, "Mbona umekuja na bado unazo?" Mhudumu anayelijua jambo hili atafurahi kumwona. Vidonge vilivyobaki vitaingizwa katika hesabu, na mgonjwa atapewa za kumfikisha mbele.

Muda wa dawa anazopewa mtu hutegemea mambo mawili: hali yake na akiba ya kituo. Aliyeanza dawa juzi, au ambaye vipimo vyake bado vinapanda na kushuka, atatakiwa kuja mara kwa mara, na hafai kulalamika. Aliyetulia kwa muda mrefu anaweza kumwuliza daktari kama atapewa za zaidi ya mwezi mmoja. Kliniki za dawa za ARV zilishaonyesha njia hapa nchini: mgonjwa aliyetulia hupewa za miezi mitatu, wengine hata sita, na hakuna aliyepungukiwa kwa kutopanga foleni kila mwezi. Kwa presha na sukari jambo hilo linakuja polepole kwa sababu akiba haitoshi kila mahali, lakini kuuliza si kosa.

Mgonjwa aje na nini? Daftari au kadi ya kliniki, na pakiti zenyewe. Pakiti zisitupwe. Hili linastahili kukaliwa kidogo kwa sababu limeleta matatizo mengi kuliko linavyoonekana. Kidonge kilekile hutengenezwa na viwanda tofauti. Mwezi uliopita kilikuwa cheupe na cha mviringo, mwezi huu ni cha njano na kirefu. Bibi akitazama hiki cha njano anaamua kwamba ni dawa mpya aliyoongezwa, basi anameza kile cheupe kilichobaki pamoja na hiki, yaani kipimo mara mbili. Mwingine anaamua amepewa dawa isiyo yake, anaiweka kabatini na kunyamaza mpaka tarehe nyingine. Rangi haisemi kitu. Kinachosema ni jina lililochapwa kwenye pakiti na nambari iliyo kando yake: amlodipini ya miligramu 5 si sawa na ya 10, hata kama zote ni amlodipini. Asiyeweza kusoma amwombe mjukuu, na mjukuu asome pakiti ya zamani na mpya zikiwa pamoja mezani. Likitokea shaka lolote, swali liulizwe pale dirishani, siyo nyumbani.

Aje pia na vingine anavyotumia, hata mizizi na majani ya mganga. Hakuna atakayegombezwa. Daktari anahitaji kujua kinachoingia mwilini, kwa maana vitu hivyo hukutana na dawa tumboni bila kuulizana.

Kuhusu kumeza dawa asubuhi ya kliniki: mgonjwa wa presha ameze kama kawaida yake, kisha aje. Wa sukari aulize kliniki iliyotangulia kama atapimwa kabla ya kula, kwa kuwa akija bila kula huenda ikabidi aje pia bila kumeza, na abebe chakula chake cha kula mara baada ya kipimo. Kukaa kwenye benchi mpaka saa saba mchana ukiwa na sukari na tumbo tupu si ushujaa.

Asiyeweza kutembea anaweza kumtuma mtu. Mjumbe aje na daftari, pakiti, na maelezo ya kweli kuhusu hali ya mgonjwa: anakula vipi, miguu imevimba au la, amewahi kuanguka. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii kote nchini wana mikoba yenye mashine ya presha na kipima sukari, kwa hivyo mgonjwa wa nyumbani anaweza kupimwa kitandani mwake na nambari zikaandikwa kwenye daftari kabla ya mjumbe kuondoka. Kituo kisichoona nambari kwa miezi kitasita kutoa dawa, na kitakuwa na haki. Baada ya muda, mgonjwa mwenyewe hana budi kuonekana, hata kama ni kwa kubebwa.

Halafu lipo lile suala ambalo kila mtu hulinong'ona na wachache hulisema kwenye mkutano. Kuna siku rafu huwa tupu. Mgonjwa amehesabu vizuri, amekuja siku saba mapema, na dirishani anaambiwa dawa hakuna. Wananchi wana haki ya kukasirika. Wana haki pia ya kujua dawa hufikaje pale rafuni, kwa kuwa sehemu ya mzunguko huo iko mikononi mwao.

Tangu mwaka 2013 zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali za kaunti. Kaunti huagiza dawa, kwa sehemu kubwa kutoka KEMSA, mamlaka ya kitaifa ya ununuzi na usambazaji wa vifaa vya matibabu. Idadi inayoagizwa hutokana na rekodi ya kituo: vidonge vingapi vilitoka rafuni, vingapi vimebaki, rafu ilikaa tupu siku ngapi. Rekodi hiyo hujazwa kwa majina na nambari za watu waliofika. Sasa fikiria zahanati yenye wagonjwa 80 wa presha katika kijiji chake, lakini 50 kati yao wamekata tamaa wakaanza kununua dukani bila kufika kliniki. Kwenye vitabu, zahanati hiyo ina wagonjwa 30. Itaagiza dawa za 30. Wale 50 wakirudi wote mwezi mmoja kwa sababu pesa zimeisha, dawa zitamalizika katikati ya mwezi, na watasema, kwa haki kabisa, kwamba hapa hakuna dawa. Mfano huo ni wa kuelezea tu, lakini hesabu yake hufanya kazi hivyo katika kila kituo.

Ndiyo maana mgonjwa aliyekosa dawa leo asiondoke kimyakimya. Ahakikishe jina lake limeandikwa kwamba alifika na alikosa. Apimwe, kwa sababu mashine ya presha haihitaji KEMSA. Aandikiwe dawa kwenye karatasi, na aulize kama kituo cha jirani kinazo kabla ya kutoa nauli ya kwenda mjini. Viongozi wa kamati ya zahanati wanaotoka kijijini nao waulize rekodi ya dawa kwenye kila kikao. Sheria ya mwaka 2023 kuhusu mapato ya vituo vya afya inaruhusu vituo kubaki na fedha vinazokusanya na kuzitumia kuboresha huduma. Kamati inayojua rafu ipi ilikuwa tupu, na kwa siku ngapi, ndiyo inayoweza kusema fedha hizo ziende wapi.

Akilazimika kununua, anunue kwenye duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu, na leseni hiyo huning'inizwa ukutani ionekane. Aonyeshe karatasi ya daktari, asitaje tu "dawa ya presha". Aombe risiti, na jina la dawa aliyouziwa liandikwe kwenye daftari ili kliniki ijayo daktari ajue. Kuazima vidonge kwa jirani kuachwe kabisa. Dawa za presha ziko za aina nyingi. Enalapril au losatani inayomsaidia mzee wa miaka sitini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni mwa binti yake mjamzito, ilhali wote wawili wameambiwa wana presha.

Gharama: huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hulipiwa na Mfuko wa Huduma za Afya ya Msingi kwa kila aliyesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kujisajili ni bure, na simu yoyote hutosha kwa kubonyeza *147#. Mchango wa bima ni jambo jingine: huo unahitajika mgonjwa anapolazwa au kutibiwa katika hospitali kubwa, na mwenye sukari au presha asiungoje mpaka siku ya dharura.

Kwa watumiaji wa insulini, swali la Kilifi ni joto. Chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, na isigande kamwe; iliyoganda ni ya kutupa. Inayotumika inaweza kukaa nje ya friji kwa wiki nne mahali pa baridi. Lakini pa baridi ni wapi kwenye nyumba ya mabati mwezi wa Februari? Mtungi wa udongo ulionyeshwa maji, ukawekwa kivulini penye upepo, hupunguza joto. Chupa iwekwe ndani ya chombo kikavu kilichofunikwa, isiguse maji. Mwaka 2021 watafiti wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya kupima insulini katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kama lilivyo ndani ya nyumba za kambi ya Dadaab, na wakakuta kwamba kwa wiki nne nguvu yake haikupungua zaidi ya ile iliyohifadhiwa baridini. Ni habari njema kwa asiye na friji. Haimpi mtu ruhusa ya kuiacha chupa kwenye dashibodi ya matatu.

Jambo moja kwa wanaofunga Ramadhani: mwenye sukari amwone daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama. Saa za kumeza na vipimo vya dawa hubadilika, na wapo ambao kwa hali yao daktari atawashauri wasifunge. Mazungumzo hayo hayafai kufanywa siku ya kwanza ya mfungo.

Tuje kwenye chanjo. Neno homa lina kazi nyingi hapa Pwani. Mtoto akichemka mwili ni homa, malaria ni homa, na mafua yenye kikohozi na maumivu ya viungo ni homa pia. Basi mtu akisema anataka "chanjo ya homa", mhudumu hana budi kuuliza ni ipi. Homa ya mafua husababishwa na virusi vya influenza. Hutofautiana na mafua ya kawaida kwa kuwa huja ghafla: asubuhi mtu analima, jioni mwili wote unauma, joto limepanda na kichwa kinagonga. Kwa kuwa malaria huanza vivyo hivyo, anayechemka mwili apimwe malaria kwanza badala ya kukisia.

Watu wengi hupona homa ya mafua baada ya siku chache za kupumzika na kunywa maji mengi. Wanaohatarishwa ni wajawazito, watoto wadogo, wazee, na hasa waliokaa hapa leo: wenye sukari, ugonjwa wa moyo, pumu, figo na selimundu. Kwa hao inaweza kugeuka nimonia, au ikavuruga sukari na moyo vilivyokuwa vimetulia.

Chanjo ipo. Ni sindano moja kila mwaka, kwa sababu virusi hivi hubadilika, na Shirika la Afya Duniani hupendekeza aina za kutiwa kwenye chanjo mara mbili kwa mwaka: Februari kwa nchi za kaskazini mwa dunia, na Septemba kwa za kusini. Sindano hiyo haina virusi hai, kwa hivyo haiwezi kumpa mtu homa ya mafua, ijapokuwa mkono unaweza kuuma na mwili kuchoka siku moja au mbili. Kinga yake huchukua kama wiki mbili kujengeka.

Ukweli ni kwamba chanjo hii haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za bure nchini. Wataalamu wanaoishauri Wizara ya Afya walipendekeza mwaka 2016 itolewe kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, lakini mgonjwa akienda leo kwenye zahanati ya kijijini asitarajie kuikuta. Hupatikana zaidi katika hospitali za binafsi, kwa malipo. Anayeweza kuigharamia, na ambaye daktari wake ameona inamfaa, apige simu kwanza kuuliza kama ipo, na aulize ni chanjo ya mwaka gani. Kenya imepitiwa na ikweta, haina majira ya baridi kali kama Ulaya, na influenza huzunguka hapa karibu mwaka mzima. Kwa hivyo hakuna mwezi maalumu wa kungojea. Wanaokwenda Hija wazingatie tarehe zao: chanjo ya uti wa mgongo ni sharti la Saudi Arabia, na ya homa ya mafua hupendekezwa. Zichomwe mapema, siyo wiki ya safari.

Asiyeweza kuilipia hajaachwa mikono mitupu. Nimonia inayofuata homa ya mafua mara nyingi huletwa na bakteria, na dhidi ya moja ya bakteria hao kuna chanjo ya bure ambayo watoto wa Kenya wamekuwa wakipewa tangu mwaka 2011, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Watafiti walioko hapa Kilifi waliifuatilia kwa miaka kadhaa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba ugonjwa mkali wa aina zilizolengwa na chanjo hiyo ulipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Lililowashangaza wengi ni kwamba ulipungua pia kwa watu wazima ambao hawakuchomwa sindano yoyote, kwa kuwa watoto hawakuwa wakiwaambukiza tena. Bibi mwenye sukari ambaye wajukuu wake wamemaliza chanjo zao amepata kinga fulani kupitia kwao. Akija kuchukua dawa, aje na kijitabu cha mama na mtoto cha mjukuu anayelala naye, kiangaliwe hapohapo kama kuna sindano iliyorukwa.

Mgonjwa wa presha akishikwa na mafua, hatari nyingine iko dukani. Dawa nyingi za kufungua pua zina vitu vinavyopandisha presha, na vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki hufanya hivyo pia na kuzitesa figo. Paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa huwa salama zaidi kwa wengi. Aseme dukani, kabla ya kutoa pesa, kwamba ana presha. Antibayotiki haziui virusi vya mafua, hata kama jirani alizimeza akapona. Na mwenye sukari asiache insulini eti kwa kuwa hana hamu ya kula: mwili ukiugua sukari hupanda, hata kwenye tumbo tupu. Apime mara nyingi zaidi, anywe maji, na akianza kutapika au kupumua kwa kasi apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mashine za presha na mizani ziko tayari chini ya mwembe. Waliobakiwa na dawa za chini ya siku saba watangulie, kisha wajawazito na wazee wasioweza kusimama. Wasiokuwa na daftari watapewa karatasi kwa leo, na wahudumu wa afya ya jamii watazunguka kwenye foleni kuhesabu vidonge na kuandika tarehe. Wenye simu ambao hawajasajiliwa SHA waende kwenye meza iliyo karibu na lango, na kitambulisho mkononi.